Kitanda cha Mzee Posta

Mwenye jeneza alikataa kufa, na hapo ndipo balaa la Fundi Kesho lilipoanzia.

Jeneza lenyewe lilisimama wima kwenye kona ya karakana, limefunikwa shuka kuukuu la maua, kana kwamba shuka la maua linaweza kumdanganya mtu. Umbo la jeneza halifichiki. Mteja akiingia atasita mlangoni, atalitazama, atameza mate, kisha atasema, "Aa, nilikuwa napita tu, fundi." Na biashara ya vitanda ni biashara ya watu wanaoanza maisha: maharusi, wazazi wenye vichanga, kijana aliyepata chumba chake cha kwanza. Nani katika hao atachagua kitanda huku jeneza linamchungulia?

Jina la Kesho alipewa na wateja, na wala hakuonewa. Ukimuuliza kabati lako limefikia wapi, atakwambia njoo kesho. Ukija kesho, vanishi haijakauka, njoo kesho. Lakini siku akikukabidhi kazi, umekabidhiwa kazi kweli. Vitanda vyake havikulia usiku, na watu wazima wanajua thamani ya kitanda kisicholia.

Aliyeagiza jeneza alikuwa mtu wa heshima zake, mhasibu wa ofisi moja ya bima. Alikuja jioni, viatu vinang'aa, akamvuta Fundi nyuma ya rundo la mbao. Baba yake, yule aliyegawa barua kwa baiskeli miaka yote mpaka mtaa ukamwita Mzee Posta, alikuwa amelazwa, na daktari alikuwa amewaambia wajiandae.

"Sasa mimi najiandaa," Mhasibu alinong'ona. "Lakini ndugu zangu wakisikia nimeagiza sanduku na mzee bado anapumua, wataninyofoa nyama. Nataka mbao ngumu, fundi. Na mdomo wako, kufuli."

"Vipimo je?"

"Nipime mimi. Tunalingana."

Fundi akapitisha futi kamba kutoka kisigino cha yule bwana mpaka utosini, na wote wawili wakaangalia pembeni kama watu wanaoibiana. Mhasibu akatoa nusu ya bei, akaondoka. Fundi akamaliza kazi kwa wakati, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Asubuhi iliyofuata Mzee Posta akafumbua macho hospitalini, akaomba uji, akamaliza bakuli, akaomba jingine.

Tangu siku hiyo simu ya Mhasibu ikawa haipokelewi.

* * *

"Litoe hilo dude," mke wa Fundi alisema.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda akipiga msasa tendegu la kitanda, nywele zimejaa unga wa mbao. Kazi ya msasa na vanishi ilikuwa yake, na ya kuongea na wateja pia, kwa kuwa mumewe akiachiwa wateja huwaambia kesho. Muda si mrefu uliopita alikuwa amewapoteza mama mmoja na bintiye anayeolewa. Walishakubaliana bei, binti ameshakalia kitanda na kurukaruka kidogo kwa furaha, mara upepo ukafunua shuka. Mama mtu alimshika bintiye mkono akamtoa nje mbiombio, kama anamtoa kwenye moto.

"Nilitoe nilipeleke wapi, Mama Watoto? Mali ya mtu hiyo. Ametoa hela."

"Katoa nusu."

"Nusu ni ahadi."

"Haya, mpelekee mwenye nyumba ahadi. Mwambie pango la mwezi huu ni ahadi." Akapuliza vumbi kwenye tendegu. "Kasema mwisho wa mwezi, Baba Watoto. Tusipolipa, chumba anapewa Godoro."

Godoro alikuwa jirani wa upande wa pili wa barabara, muuza magodoro, mtu mnene mwenye maneno mengi, ambaye bidhaa zake zilikuwa zimeshafika mpaka kwenye kibaraza. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyehitaji stoo. Siku hiyo hiyo alivuka barabara, akaegemea mlango.

"Fundi, shemeji, habari za kazi? Mgonjwa wenu bado hajafa tu?"

"Mgonjwa gani?" mke akamkata jicho.

"Nakutania, shemeji. Fundi, hebu niazime futi yako mara moja."

Fundi akampa. Godoro akaanza kupima ukuta wa karakana, kona hadi kona, akihesabu kwa midomo ni magodoro mangapi yatasimama hapo. Alipofika kwenye jeneza akalizunguka kwa adabu. Akamaliza, akaikunja futi vizuri, akamrudishia mwenyewe na kushukuru.

Fundi akaitia futi mfukoni, akainamia kazi. Mkewe aliyaona masikio yake yamekuwa mekundu, na akatamani angalau angemtukana mtu.

* * *

Kesho yake Fundi alivaa shati lake la kutokea, akaenda ofisini kwa Mhasibu.

Msichana wa mapokezi alimtazama kuanzia viatu, akaishia kwenye vidole vyenye gundi iliyokauka. "Una miadi?"

"Mwambie ni fundi wake. Anajua."

Alikaa kwenye benchi mpaka watu aliowakuta na waliokuja baada yake wakaisha. Mhasibu alipotoka alikuwa na wenzake wawili, wanacheka. Macho yao yakakutana, na kicheko cha Mhasibu kikakauka.

"Bosi, ile kazi..." Fundi alianza.

"Umekosea mtu, mzee."

"Mzee" aliitwa yeye, aliyezidiwa umri na huyo bwana. Wenzake wakaendelea mbele. Mhasibu akajifanya amesahau kitu, akarudi, akamsukumia Fundi kwenye korido ya vyoo.

"Una wazimu? Kazini kwangu?"

"Bosi, sanduku linanifukuzia wateja. Njoo ulichukue."

"Nikaliweke wapi? Sebuleni? Mzee anakaa pale kuanzia asubuhi, anasikiliza redio, anauliza nani kamtengenezea uji mtamu hivi!" Sauti ilimpanda, akaishusha. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na Fundi akaona aibu kuwa amekuja. "Kila nikimtazama nakumbuka ulivyonipima. Fanya unavyojua, bwana. Mimi sijui kitu. Sijawahi kukuona."

"Ina maana nilivunje?"

"Nimesema fanya unavyojua."

* * *

Fanya unavyojua si ruhusa na si katazo. Ni kauli ya mtu anayetaka jambo lifanyike na lawama ziwe za mwingine, na mafundi wengi wamefilisika kwa kauli hiyo.

Fundi aliirudisha nyumbani neno kwa neno. Mkewe akaisikiliza, akachukua nyundo, akamwekea mumewe mkononi.

"Si kasema ufanye unavyojua? Wewe unajua nini zaidi ya vitanda?"

"Mbao za jeneza, mke wangu!"

"Kuna mtu amelala humo?"

"Hapana."

"Basi ni mbao. Mti haujui umekuwa nini." Kisha sauti yake ikalainika. "Mbao za kununua hatuna hela. Mwezi unaisha. Nikipakia vitu vyangu kwenye mkokoteni Godoro ananiangalia, nitakufa mimi, na hilo sanduku halinitoshi."

Walifunga mlango mchana kweupe, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya. Fundi alianza kung'oa misumari taratibu, kama anaogopa kuziumiza mbao. Zile ndefu za ubavuni akazifanya mifumbati ya kitanda. Za kichwani na miguuni zikawa mchago na ubao wa miguuni. Mfuniko na sakafu akavikata vipandevipande vya chaga, za kubebea godoro. Matundu ya misumari akayaziba kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi, na mkewe akapaka vanishi mara tatu mpaka zikang'aa.

Kikawa kitanda kizuri kuliko vyote walivyowahi kutengeneza. Hilo ndilo lililomchoma Fundi. Alikigusa, akakitikisa, hakikulia hata kidogo.

Kona ikabaki wazi. Wakakiweka kitanda mbele kabisa, mlangoni, juani.

* * *

Mteja wa kwanza kuingia alikuja kwa mkongojo, mwembamba, koti limemzidi mabega.

"Hodi wenyewe!"

Fundi akainua uso, na randa ikamponyoka.

"Shikamoo, Mzee Posta," mkewe akawahi.

"Marahaba, mama. Mbona mumeo ananitazama kama ameona mzuka?" Mzee akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Simlaumu. Wote walishanizika mioyoni. Hata mwanangu, pole yake, alikonda kuliko mimi mgonjwa. Haya, nataka kitanda. Kile cha kwangu nilichougulia sikitaki tena, kinanuka dawa."

Akakiona. Hakuuliza bei. Alikizunguka, akapitisha kiganja kwenye mfumbati, kisha akaegemeza mkongojo, akavua viatu, akapanda, akajilaza chali juu ya chaga, mikono kifuani.

Fundi akageuka ukutani.

"Aisee," mzee alisema akitazama dari. "Kama nimepimiwa."

"Hicho kina mtu wake, mzee," Fundi alisema bila kugeuka. "Nikutengenezee kingine. Njoo kesho."

"Ndiyo maana wanakuita Kesho! Mtu wa umri wangu unamwambia kesho, unaijua wewe hiyo kesho?" Akajiinua kwa kiwiko. "Huyo mtu wake ameshatoa hela yote?"

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anaitazama kalenda ukutani.

"Nusu," Fundi akasema.

"Mimi natoa yote."

Mzee Posta alikuwa ameinama, kidole kimesimama kwenye tundu lililozibwa. "Mbao hizi zimewahi kuwa kitu kingine, si ndiyo?"

Hapo palikuwa na nafasi ya ukweli, nafasi nyembamba lakini ya kutosha mtu mmoja kupita. Fundi alifungua mdomo.

"Kabati," mkewe akasema. "Ilikuwa kabati, mzee."

"Hee. Afadhali limepata kazi nyingine. Kama mimi." Akatoa noti kwenye mfuko wa ndani wa koti, akazihesabia kiganjani kwa mke wa Fundi.

Jioni Fundi alikipeleka kitanda kwa mkokoteni. Aliyefungua mlango ni Mhasibu. Alipomwona Fundi uso ulimpauka kama jivu, akaangalia nyuma ya Fundi, akaona kitanda kwenye mkokoteni, akaelewa kwamba baba amenunua kitanda, na akashusha pumzi. Akasaidia kukiingiza mwenyewe. Akashika mfumbati, ule ule uliokatwa kwa urefu wake, akaubeba begani mpaka chumbani.

"Ahsante kwa kunyamaza," alimnong'oneza Fundi mlangoni, akambonyezea noti.

Fundi aliirudisha ile noti. Mhasibu akadhani ni uungwana.

* * *

Pango likalipwa. Godoro akaambiwa atafute stoo kwingine, akasonya, kisha akacheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo. Na Mzee Posta akawa tangazo lisilolipwa. Kila aliyekwenda kumjulia hali alipelekwa chumbani kuonyeshwa kitanda. "Kaa! Kaa usikie. Kinalia? Hakilii!" Wateja wakaanza kurudi. Yule binti anayeolewa alirudi na mama yake, wakachukua cha kwao, mama mtu akiomba msamaha kwa kukimbia. Mke wa Fundi alianza kuimba tena akipiga msasa.

Fundi hakuimba. Usingizi ulimpungua. Kila akilala kwenye kitanda chao, kile alichokitengeneza kwa mbao bora walipooana, alikuwa akijinyoosha na kukunja miguu tena.

"Nenda ukamwambie," mkewe alisema siku moja, amechoka na kugeukageuka kwake. "Yaishe."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Na siku nyingine tena ikawa kesho. Mzee alikuwa na furaha mno. Utaanzaje kumwambia mtu anayefurahi?

* * *

Mhasibu alikuja asubuhi, kabla vumbi halijafagiliwa. Viatu havikung'aa.

"Mzee katutoka alfajiri," alisema. "Usingizini."

"Pole, bwana. Pole sana." Mke wa Fundi akamletea kigoda, hakukaa.

"Mazishi kesho. Nimekuja kulichukua lile sanduku. Na nimekuja na ile nusu yako." Akatoa bahasha. "Nilikufanyia vibaya pale ofisini, fundi. Umelitunza muda wote huu. Liko wapi?"

Kona ilikuwa tupu. Mhasibu aliitazama, akatazama kona nyingine, kisha akamtazama Fundi.

"Tutatengeneza jipya," mke wa Fundi akasema harakaharaka. "Zuri zaidi, sasa hivi, leo leo..."

"Mama Watoto, nyamaza." Fundi hakuwahi kumwambia hivyo. Akakiweka chini kipande cha mbao alichoshika. "Bwana, ulisema nifanye ninavyojua."

"Ndiyo. Uliuza?"

"Nililivunja. Nikatengeneza kitanda."

"Sawa. Sawa, si kitu. Kitanda kiko wapi?"

"Kiko kwenu. Mzee hakujua."

Mhasibu hakuelewa, kisha akaelewa. Aliketi, si kwenye kigoda, bali chini, kwenye maranda, na suruali yake ya kitambaa.

"Alikuwa anasema," alianza, akashindwa, akaanza tena. "Kila asubuhi nikimsalimu alikuwa anasema, 'Mwanangu, yule fundi hakunipima, lakini kitanda kimenitosha kama kanipima.' Anacheka, ananitazama. Nikajua umemwambia. Nikajua ananisema mimi. Nikawa siingii chumbani kwake. Napita dirishani tu, 'Shikamoo baba,' naenda kazini." Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Kumbe hajui. Baba yangu alikuwa anafurahia kitanda tu, na mimi nikamkimbia."

Mke wa Fundi akamsogezea kigoda tena.

Aliinuka, akajipangusa. "Atazikwa kwa mbao zile zile. Zilikuwa zake. Kaichukue kazi yako, fundi, urudishe ilivyokuwa." Akaiacha bahasha juu ya meza ya kazi. Fundi akamkimbilia mlangoni, akamtia bahasha mfukoni. Mbao zile baba mtu alishazilipa.

* * *

Ndipo mtaa mzima ukaona. Kitanda maarufu cha Mzee Posta kikirudi kwa mkokoteni mchana, siku ya msiba, na Fundi Kesho akikibomoa mlango ukiwa wazi, kwa sababu hakuona tena haja ya kuufunga. Mifumbati ikarudi kuwa ubavu. Mchago ukarudi kichwani, ubao wa miguuni ukarudi miguuni. Watu walisimama upande wa pili wa barabara, mbele ya magodoro, wakijumlisha wenyewe moja na moja.

Lakini chaga ni chaga. Mfuniko uliokatwa vipande haurudi kuwa mfuniko, wala sakafu. Muuza mbao alikataa kumkopesha, zilizokuwepo karakanani zilikuwa za vitanda vya watu, na hela ya kitanda ilishakuwa pango.

Fundi akaweka nyundo chini. Kisha akatoka, akaenda chumbani kwao, akaviringisha godoro, akalisimamisha ukutani. Mkewe alimkuta anafungua skrubu za kitanda chao.

Alitaka kupiga kelele. Badala yake akashika upande wa pili ili mfumbati usianguke.

Mzee Posta alizikwa vizuri. Waliobeba walisema mfuniko ule ni mzuri, mbao za zamani hizo, siku hizi hazipatikani. Fundi alisimama nyuma ya watu wote. Mhasibu alipita karibu naye mara mbili, na mara zote mbili hakumtazama.

* * *

Wiki ile ile yule binti aliyeolewa alikuja, na mumewe. Walisimama mlangoni, hawakuingia.

"Fundi," mume akasema, "sisi hatuna ugomvi. Tunauliza tu. Chetu kilikuwa nini?"

"Mbao mpya zile. Nawaapia."

"Hata mzee aliambiwa ni kabati," binti akasema, akimtazama mke wa Fundi.

Hakuna kiapo kinachojibu swali la namna hiyo. Wakarudisha kitanda, wakarudishiwa hela. Baada yao akaja mwingine, na mwingine. Vitanda vikajazana karakanani mpaka pakawa hapana pa kusimama, vyote vizima, vyote havilii.

Mwisho wa mwezi Godoro alivuka barabara. Safari hii hakutania. Alivua kofia.

"Shemeji. Fundi. Sikutaka iwe hivi, mjue."

"Tunajua," mke wa Fundi akasema.

"Naomba ile futi."

Fundi akaitoa mfukoni. Ukuta ulikuwa mrefu na Godoro alikuwa peke yake, ikabidi Fundi amshikie ncha ya pili.

Walipomaliza kuhamisha, jua lilikuwa bado kali; vitanda mwenye nyumba alikuwa amevichukua vyote kwa deni la pango. Chumbani kwao zana zilikuwa zimepangwa kando ya ukuta, pale kilipokuwa kitanda, na godoro limelazwa sakafuni katikati. Mkewe aliketi juu yake, akanyoosha miguu, akauangalia mlango ukiwa juu sana kutoka pale chini. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka, na alitaka kusikia kitu chochote, hata uongo.

"Baba Watoto," alisema, "kitanda chetu utakitengeneza lini?"

Fundi alivua viatu, akakaa karibu naye. Akafungua mdomo kulisema lile neno alilowaambia watu wote maisha yake yote, na halikutoka.